Tarumbeta Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nane mchana, katikati ya zoezi, bila kutuma hata wingu la kubisha hodi. Paa la kituo linavuja sehemu tatu: juu ya kabati la ngoma, katikati ya ukumbi, na mlangoni mwa stoo yangu. Nimeweka ndoo tatu. Vijana wa ngoma wakaanza kujibizana na matone. Mkurugenzi alitoka ofisini kuja kuwanyamazisha, akasimama, akasikiliza, kisha akarudi alikotoka.

Ala zote zimerudi stoo. Tarumbeta saba, filimbi kumi na moja, magitaa tisa (moja limekatika waya wa tatu), ngoma kumi na nne. Ya mwisho kurudi ni tarumbeta namba saba, kama kawaida.

Jumanne, 4 Machi

Binti tunayemwita Pumzi ameniomba tena aende nyumbani na kipulizio, kile kikombe kidogo cha chuma ambacho mpigaji anakiweka mdomoni na ambacho kinachomoka. Tarumbeta yenyewe haombi, anajua haitoki nje ya geti. Anasema akiwa na kipulizio tu anaweza kufanya mazoezi ya midomo huku anafua. Nimemwambia kanuni ni kanuni: kila kipulizio kinalala kwenye mkebe wenye namba yake.

"Dada Stoo," akasema, "siku ukifa utazikwa na orodha."

Nikamjibu kwamba orodha itabaki, maana kuna mtu ataihitaji. Sajini akacheka mpaka meno yake ya bandia yakataka kumtoka.

Sajini ndiye mlezi wake. Hapa kituoni kila kijana ana mlezi mmoja, mwanamuziki mtu mzima aliyekubali kukaa naye mara mbili kwa wiki, amfundishe ala na amsikilize na mengine. Vijana arobaini na mmoja, wote wa kuletwa na polisi, na ustawi wa jamii, au na mama waliokata tamaa. Sajini alipiga tarumbeta kwenye bendi ya polisi miaka thelathini. Meno ya mbele yalipokwisha, tarumbeta nayo ikaisha. Sasa anafundisha kwa kuimba: anaimba noti, binti anaipuliza. Nikiwa stoo, mlango umefungwa, kuna siku siwezi kujua yupi ni yupi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Ndoo tatu. Mama mkwe anakohoa, hataki dawa, anataka redio.

Jumatano, 12 Machi

Mkurugenzi ametuita wafanyakazi wote, yaani mimi, mfagiaji na mhasibu wa nusu siku. Alikuwa mwalimu wa kwaya kabla ya haya, na hata akitoa habari mbaya anaanza kwa kusafisha koo kama anatafuta sauti ya kuanzia. Ufadhili wetu unaisha mwisho wa Juni. Wafadhili wale wale watatoa mwingine wa miaka mitatu, lakini vituo vilivyoomba ni vitatu na watachukua kimoja. Tusipopata sisi, Julai tunafunga milango na ala zinarudishwa kwao.

Fomu ya maombi ina sehemu sita. Sehemu ya tano wanataka simulizi tatu za vijana, kurasa mbili kila moja, bila jina wala picha ya uso. Mkurugenzi alisema takwimu kila mtu anazo, hizo hazimtoi mtu machozi. Akanitazama. Nilipokuja kuomba kazi nilimtajia kwamba nilipata zawadi ya insha kidato cha nne, na kumbe hajasahau. Tena mafaili yote yako kwangu. Kijana akijiunga mimi ndiye ninayemjazia fomu ya maswali ishirini, na swali la kumi na nne linasema: *Kuna jambo gani lililokupata ambalo hujamwambia mtu?* Jibu lake tunasoma watu wawili tu, mimi na mlezi wake.

Nimekubali. Sikusita, na nikiri hapa kwamba nilifurahi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempelekea Mkurugenzi simulizi mbili, ya mvulana wa gitaa na ya pacha wa filimbi. Akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. Amesema ni kweli tupu, lakini zimekaa kama orodha ya stoo. Kilichomuuma mtu kiko wapi? Ndoo nne.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimeandika ile ya tatu.

Asubuhi nilimkuta Pumzi kwenye benchi anaipangusa namba saba kwa kitambaa. Nikamuuliza kama naweza kuandika habari zake kwa wafadhili, bila jina. "Bila jina? Andika tu," akasema, akaendelea kupangusa. Sikumwambia ni habari ipi. Nimeliweka hili kwenye daftari kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Kisha nikafungua faili lake. Alipokuwa na miaka kumi na tano, vijana watatu wa mtaani kwao walivunja duka la vifaa vya ujenzi. Yeye walimsimamisha kwenye kona, apige mluzi akiona mtu anakuja. Hakuja mtu, hakupiga. Kesho yake akasikia kwamba mlinzi wa duka amekufa. Siku ya tatu akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, akawataja. Wawili walitoroka. Wa tatu, wanayemwita Jogoo, amefungwa maisha. Polisi hawakumtaja binti popote, na mpaka leo mtaani wanaulizana nani alisema. Jogoo ana kaka, na kaka yake anaziba pancha kwenye kibanda karibu na kivuko, njia ile ile anayopita Pumzi kuja kwetu.

Hayo yote alinieleza mwaka juzi, kalamu ikiwa mkononi mwangu, akiangalia ukutani.

Nimeandika kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Maneno yalikuja yenyewe, sijapata siku kama hii tangu shule. Nimeipa kichwa "Kutoka Mluzi hadi Tarumbeta". Nimeeleza jinsi yule aliyewekwa apige mluzi kwa ajili ya wezi sasa anavyopuliza tarumbeta ya shaba iliyobonyea kidogo ubavuni, namba saba, na jinsi mzee asiye na meno anavyomwimbia noti. Jina sikuweka. Mtaa sikuweka. Mwisho ulikuwa unapungukiwa kitu, nikaongeza sentensi moja: *Na mpaka leo, akipanda noti ya juu, anamsikia yule mlinzi akiomba maji.*

Mkurugenzi aliposoma hapo alikwenda dirishani akakaa huko kidogo.

Jumanne, 18 Machi

Nimemsomea mama mkwe. Alizima redio mwenyewe, jambo ambalo hata mwanawe akipiga simu kutoka kazini kwake huko mbali halifanyi. Alifuta macho kwa ncha ya khanga. Halafu akauliza kama huyo mtoto ndiye anayepuliza lile bomba linalosikika mpaka sokoni.

Nikamwambia siruhusiwi kusema.

"Basi hukusema, mwanangu," akajibu, akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamshika.

Alhamisi, 20 Machi

Fomu imepelekwa. Ndoo nne.

Ijumaa, 28 Machi

Vijitabu vimetoka kwa mchapaji, nakala mia mbili, vya kuwapa wageni siku ya onyesho. Simulizi yangu iko ukurasa wa nne na wa tano. Herufi nzuri, karatasi nene. Nimevisoma viwili kutafuta makosa, nimekuta moja: koma imekaa pabaya. Mvua haijakatika tangu Jumanne. Ndoo tano.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya onyesho. Wafadhili walikuja wawili, mwanamke mwenye miwani na kijana wa kumbebea mwavuli. Wazazi kama sitini, pamoja na majirani waliokimbia mvua.

Ngoma zilianza vizuri. Magitaa hayakusikika, bati lilikuwa linapiga kelele kuliko hayo. Kisha Pumzi akasimama. Sajini alikaa safu ya mbele, mikono kwenye magoti kama yuko gwaride. Binti alisubiri. Nilidhani amesahau, kumbe anaisikiliza mvua ilivyo, anatafuta pa kuingilia. Alipoingia, aliingia juu yake. Mimi si mjuzi wa muziki, najua namba za ala tu, lakini niliona nywele za mkono zimenisimama.

Mwanamke mwenye miwani alikuwa na kijitabu mapajani, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa tano. Analia. Pumzi alipomaliza aliinama, akaona watu wa mbele wanavyomtazama, akanitafuta mimi kwa macho. Baadaye, akirudisha ala, akaniuliza kwa nini yule mama alimshika mikono yote miwili asimwachie. Nikamwambia umepiga vizuri. Akasema, "Hata nikipiga vizuri, Dada. Alinishika kama nimefiwa."

Vijitabu vimetumika sitini. Vimebaki mia moja na arobaini, maboksi mawili, nimeyaweka mlangoni mwa stoo.

Jumatatu, 7 Aprili

Boksi la chini limelowa. Mkurugenzi amesema tuyaondoe, wageni wameshaondoka. Mfagiaji akaomba avichukue, nikamwambia chukua. Stoo imepata nafasi.

Jumatano, 9 Aprili

Nilikwenda dukani kununua misumari ya kutundikia magitaa. Muuzaji akaifunga kwa karatasi. Nilipofika kituoni na kufungua, nikaona koma iliyokaa pabaya. Ukurasa wangu wa tano.

Kwanza nilichukia kama mtu aliyedharauliwa. Nimekaa saa tano naandika, leo nafungia misumari. Nikaunyoosha ukurasa mezani, nikausoma tena. Safari hii niliusoma kama mtu wa mtaa huu, aliyenunua kiberiti au sabuni ya kipande. Msichana. Kona. Duka la vifaa vya ujenzi. Mlinzi. Tarumbeta ya shaba iliyobonyea ubavuni, namba saba. Mzee asiye na meno. Mji mzima huu una msichana mmoja tu anayepuliza tarumbeta, na akipuliza anasikika mpaka sokoni. Jina nililificha kwa uangalifu wote. Nikaacha kila kitu kingine wazi.

Nilirudi dukani nikikimbia. Muuzaji alisema mfagiaji wetu alimuuzia juzi, karatasi safi, haichaniki ovyo. Nilinunua nakala zilizobaki. Nimezihesabu mara tatu. Tisini na mbili. Arobaini na nane zimeshafungia bidhaa, ziko mikononi mwa watu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilimweleza Mkurugenzi. Alisema nani anasoma karatasi ya kufungia, watu wanamwaga chumvi wanatupa. Lakini aliponena hivyo alikaa chini.

Nilimweleza Sajini. Alichukua kofia yake akatoka, akaenda mpaka kwa shangazi yake Pumzi, ambaye ana saluni ya kusuka na ndiye anayemlea. Amerudi saa kumi, ameloa mpaka soksi. Amesema amemweleza binti kila kitu. Binti akauliza kama kesho bado kuna zoezi. Wamepatana kwamba kuanzia kesho atalala nyumbani kwa Sajini, na Sajini mwenyewe atamfuata saluni saa tisa waje wote.

Nikamuuliza Sajini kama binti ana hasira na mimi. Akasema, "Muulize mwenyewe," akaning'iniza kofia yake mahali pengine, si kwenye msumari wa siku zote karibu na mlango wangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Ndoo sita. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Saa nane na nusu niliitoa namba saba kwenye kabati nikaiweka kwenye benchi lake. Sijawahi kutoa ala kabla mwenyewe hajaja kusaini. Saa tisa Sajini alikuwa njiani kumfuata. Lakini saluni ilikuwa haina mteja kwa sababu ya mvua, na binti aliona mzee wa watu ataloa tena kwa ajili yake, akaamua aje peke yake, wakutane njiani. Alipita njia ya kivuko. Sajini, ili awahi, alipita njia ya mkato.

Saa kumi kasorobo alikuja msichana wa saluni, miguu mitupu, hawezi kusema. Nilifunga stoo, nikasahau kuiingiza namba saba.

Nimeambiwa na aliyeona, ambaye mbele ya polisi anasema hakuona. Walikuwa watatu, kaka yake Jogoo na wawili wa pale kwenye pancha. Walimwingiza kibandani. Walikuwa na karatasi ya kijitabu. Walimtaka asome kwa sauti, kurasa zote mbili, wa nne na wa tano, na alipokwama walimwambia arudie. Alipomaliza wakamwambia, haya, sasa piga mluzi. Akapiga. Halafu wakachukua spana ya magurudumu.

Hawakukusudia kumuua. Daktari anasema mtu anayekusudia kuua hapigi mdomo tu.

Meno sita ya mbele, manne ya juu, mawili ya chini. Mdomo wa juu umeshonwa nyuzi kumi na moja. Taya ina ufa.

Shangazi yake alikuwa amekaa kwenye korido ya hospitali, kitana bado kimechomekwa nyweleni. Alinishukuru kwa kuja. Hajui kusoma, na hakuna aliyekuwa amemweleza ni nani aliyeandika. Nilimweleza mimi. Alinitazama, akauliza, "Kwani alikukosea nini?" Aliuliza kwa kutaka kujua kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda wodini saa ya kuona wagonjwa. Sajini alikuwepo tangu asubuhi. Alikuwa ametoa meno yake ya bandia, ameyafunga kwenye leso na kuyaweka kwenye kabati la kitanda, amekaa naye hivyo hivyo, mashavu yamebonyea. Wanatazamana tu. Muuguzi alidhani ni wagonjwa wawili.

Nilisimama upande wa miguu. Binti alinyoosha kidole kwenye kiti, nikakaa. Maneno yake yanatoka na upepo mwingi, ilibidi niiname.

"Dada Stoo. Uliandika mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Umeandika vizuri." Akapumzika. "Nilikuwa nasoma, naogopa, huku nasema, kumbe mimi ndiye huyu."

Nilianza kuomba radhi, akainua mkono kama mtu anayefukuza inzi.

"Ila pale mwisho, kwa mlinzi. Sikukwambia hivyo. Kona ilikuwa mbali, sikusikia kitu." Alifumba macho, nikadhani amelala. "Sasa namsikia."

Sajini aligeuka akanitazama. Mambo ya mluzi na kona aliyajua, yako kwenye faili na yeye ni mlezi. Hilo la mlinzi alidhani nimelitoa kwa binti. Alifungua leso, akavaa meno yake polepole, kisha akamgeukia binti.

Nimetembea mpaka nyumbani. Mama mkwe aliniuliza mtoto anaendeleaje, nikamweleza na hilo la sentensi. Hakuwasha redio. Alisema kuna chumvi ya kutia kwenye mboga na kuna chumvi ya kutia kwenye kidonda, na mkono ni ule ule.

Jumatano, 16 Aprili

Polisi wanasema kaka yake Jogoo amehama mji. Kibanda kimefungwa kwa kufuli jipya. Ndoo tano.

Alhamisi, 24 Aprili

Ameruhusiwa kutoka. Haendi kwa shangazi, haendi kwa Sajini. Mjomba wake anayeendesha lori la mbao amekuja kumchukua, atakaa kwake, mbali, na hakuna atakayeambiwa ni wapi. Hata mimi sikuuliza.

Lori lilisimama nje ya kituo kwa dakika chache ili aage. Vijana wote walikuwa ndani na hakutaka kuingia. Alikaa mbele na mjomba wake, leso mdomoni. Sajini alipanda kwenye ngazi ya lori, akaweka kichwa dirishani. Nilimsikia akimwambia kwamba midomo inapona, na meno ya kutengeneza yapo, wapo wanaopiga nayo. Binti akamuuliza mbona yeye hakupiga nayo.

"Niliogopa kusikia nimekuwaje," akasema. "Wewe usifanye hivyo."

Nilirudi stoo. Nikafungua mkebe namba saba, nikachukua kipulizio, nikaenda nacho mpaka kwenye lori. Nikamnyooshea kiganja. Akakitazama. Akanitazama mimi.

"Na orodha?" akauliza.

Nikamwambia orodha ni yangu. Akakichukua, akakikung'uta kwenye goti mara mbili kama anavyokitoa mate siku zote, akakitia mfukoni. Hakunishukuru, na sikutegemea.

Jumatano, 30 Aprili

Ndoo nne. Vijana wawili wa filimbi wameacha kuja. Mama wa pacha naye amewaondoa wanawe: alikuja mwenyewe kuomba faili zao, akazichana mbele yangu, vipande akaondoka navyo.

Jumanne, 6 Mei

Tumepata.

Barua ilikuja saa tano. Mkurugenzi aliisoma amesimama ukumbini na vijana wakapiga ngoma mpaka vumbi la dari likaanguka. Miaka mitatu, kuanzia Julai. Paa jipya. Ala ishirini na sita mpya. Walezi watalipwa nauli. Mvulana wa gitaa alibebwa juu juu. Niliwatazama, na ni kweli kwamba nilifurahi kwa ajili yao, na ni kweli pia kwamba nilirudi stoo nikajifungia.

Aya ya tatu ya barua inasema kamati iliguswa kuliko yote na simulizi ya mpiga tarumbeta. Wamenukuu sentensi moja. Ni ile. Wanaomba ripoti ya maendeleo yake Desemba, na kama itawezekana, akapige kwenye hafla yao ya mwaka.

Ijumaa, 9 Mei

Nimewaandikia wafadhili barua ya kurasa mbili. Nimeeleza kilichompata binti, jinsi karatasi zilivyotoka, na kwamba sentensi waliyonukuu ni ya kwangu. Sikupamba.

Nilimpa Mkurugenzi aisome kabla ya kuituma, kwa sababu kituo ni chake pia. Alisoma, akaiweka mezani, akalaza kiganja juu yake. Aliniuliza kama nimefikiria wale thelathini na sita waliobaki. Wakifuta ufadhili Julai, mvulana wa gitaa atarudi kwa nani? Nikasema nimefikiria, ndiyo maana nimemletea badala ya kupeleka posta.

"Nipe mpaka fedha za kwanza ziingie, dada," akasema. "Nitaituma mwenyewe."

Anaamini anachosema. Mimi pia nilimjibu sawa, na nilipotoka nilijua kwamba hatutaituma, si yeye, si mimi. Nilichomwomba badala yake ni kidogo: swali la kumi na nne lisiulizwe tena. Alikubali haraka, kama mtu aliyetajiwa bei ya chini kuliko alivyoogopa.

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya sita bila mvua. Mafundi wa paa wamekuja kupima. Nimeosha ndoo zote sita nikazigeuza juani.

Leo tumeanza kuandikisha vijana wapya. Wa kwanza ni mvulana wa miaka kama kumi na miwili, mguu mmoja una kandambili ya bluu na mwingine ya kijani. Tulikwenda vizuri mpaka swali la kumi na tatu, nikaruka la kumi na nne. Akanizuia.

"Hujaniuliza lile kubwa."

Nikamwambia halipo tena. Akaangalia mlangoni, akasogeza kiti. Akasema yeye aliwahi kuua mtu. Nikamuuliza nani. Akafikiri. Akasema mlinzi. Nikamuuliza kwa nini ananiambia hivyo, na akanijibu kama mtu anayemweleza mjinga: mtaani wanasema ukiwa na kisa kikubwa ndiyo unapewa ala nzuri. Alikuwa amekariri na kilio. Aliomba aanze upya kwa sababu alikosea mahali.

Nilifunga kalamu. Nilimuuliza anapenda ala gani. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akaangalia kandambili zake, kisha akasema anapenda ngoma, ila ndogo, ile ya kubeba begani. Nimeandika hivyo.

Jioni Sajini alikuja kuanza na mwanafunzi mpya, msichana mwingine, hajui hata kushika. Alimwonyesha jinsi ya kusimama. Akaimba noti ya kwanza. Nilikuwa stoo, mlango umefungwa, nikasubiri ya kujibu. Haikuja, ilikuja pumzi tupu. Akaimba tena.

Kabla ya kufunga nimefanya hesabu ya ala zote kwa ajili ya ukaguzi wa Juni, maana wafadhili wanatuma mtu wao. Filimbi kumi na moja. Magitaa tisa, waya umebadilishwa. Ngoma kumi na nne. Tarumbeta saba. Kwenye mstari wa namba saba, safu ya kipulizio, nimeandika: *Kipo.* Kisha nikaufunga mkebe mtupu na kuurudisha mahali pake.